Kuonja Katuni ya Koku

Wivu wa Tusekile Mwakalinga ulikuwa na adabu zake. Ulipiga makofi pamoja na wenzake, ukasema hongera kwa sauti inayosikika, kisha ukamtoa chumbani kabla katuni ya Koku haijafika nusu, kwa kisingizio cha kwenda kuangalia kama mvua inaingia stoo. Mvua ya Tukuyu huingia stoo kila inyeshapo, na hunyesha karibu kila siku, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, akiwasikiliza wakicheka. Hakikuwa kicheko cha heshima, kile cha kumpa mtu moyo. Lwitiko, fundi wao wa sauti, ambaye kwa kawaida hucheka kwa kupumua puani tu, alikuwa anagonga meza. Tusekile alikuwa amefanya kazi naye tangu Nyumba ya Michoro ilipofunguliwa, na hajawahi kumgongesha meza hata mara moja.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba katuni yenyewe ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya, angempenda Koku kama ndugu yake wa tumbo moja.

Wote wawili walikuwa wamepewa kazi moja: kupanga katuni ya kuwafundisha watoto jinsi mwili unavyopambana na homa ya ukungu. Tusekile alichora ngome. Alichora kuta, walinzi, mishale, na mdudu wa ukungu akitambaa kuja getini. Ilikuwa kazi safi, kila seli mahali pake, na mwishoni kabisa aliweka bibi mmoja anayezunguka ngomeni baada ya vita, akiwapokonya askari silaha zao mmoja mmoja, akiwaambia wakalale, akifukia makaa kwa majivu. Alikipenda kipande kile kuliko vyote. Dakta Ambakisye, mkuu wa nyumba, alikitazama hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Dada Tuse, hapa watoto watalala," alisema. Watu wakacheka, naye akacheka nao, akijikaza kisabuni.

Koku yeye alichora harusi. Jina lake kamili ni Kokushubira, alikuja kutoka Bukoba misimu miwili iliyopita akiwa na sanduku moja na kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Katika katuni yake mwili ni ua wa nyumba yenye shughuli, na seli nyeupe ni mashangazi waliokuja kupika. Mdudu wa ukungu anaingia amevaa kama mgeni mwalikwa. Mabinti wembamba, ambao ndio kingamwili, wanamgundua kwa viatu vyake, wanambandika kipande cha kitenge chekundu mgongoni bila yeye kujua, na basi kila anapojificha anaonekana. Kisha anatokea Shangazi Mla-Vyote na sufuria lake.

Michoro ya ngome ilibanduliwa ukutani wiki ileile. Pale ilipokuwa imebandikwa, rangi ya ukuta ilibaki mbichi kuliko kwingine, na Tusekile alilazimika kukaa akiitazama kila siku kwa sababu meza yake ilielekea huko.

*

Zamani, kabla ya homa ya ukungu, chanjo ilikuwa sindano na kilio, basi. Lakini mdudu huyu hubadili sura kila msimu, na mwili uliopewa somo lote kwa mkupuo ulikuwa unalisahau mvua zikirudi. Waliobuni kibandiko walianzia kwenye jambo ambalo kila mzazi analijua: mtoto hasahau kilichomtisha, wala kilichomchekesha.

Kibandiko huvaliwa begani. Kina vifuko viwili. Cha kwanza kina dawa ya kufundisha, nacho hudondosha kidogo kidogo kila moyo wa mtazamaji unapokwenda mbio. Hapo kibandiko kinakuwa chekundu. Cha pili kina dawa ya kupoza, na hakifunguki mpaka moyo utulie. Hapo kinageuka buluu. Waliwahi kujaribu kukifungua kifuko hicho kwa kufuata saa, lakini mwili uliokuwa bado umepandwa na mori uliikataa ile dawa ya kupoza, watu wakaumwa vibaya. Kwa hiyo anayeshika funguo za vifuko vyote viwili si daktari. Ni mchoraji.

Ndiyo maana Nyumba ya Michoro ilikuwa na desturi ya kuonja. Waliitoa jikoni: aliyepika aonje kwanza mbele ya wageni. Mchoraji huvaa kibandiko, hutazama katuni yake wenzake wakimtazama yeye, na akiamka mzima kesho yake, inakuja zamu ya watoto wa wafanyakazi. Baada ya hapo ndipo shule zote za wilaya. Hakuna aliyewahi kuitilia shaka desturi hiyo. Ilionekana ya haki mno kutiliwa shaka.

Koku alionja Jumanne. Jumatano alikuja kazini anakula andazi.

Mchana wa siku hiyo, wenzake walipokwenda kula, Tusekile alichukua kibandiko kabatini, akafunga mlango wa chumba cha maonyesho, akakaa. Tusimpambe: hakwenda kuokoa mtoto wa mtu. Alikwenda kutafuta kosa. Hakuwahi kuiona katuni ile mpaka mwisho, wala michoro yake hakuitazama ilipobandikwa, kwa sababu kila alipoisogelea roho ilimchoma. Sasa aliamua aitazame yote, picha kwa picha, na akipata hata kidole kimoja kilichozidi mkononi mwa shangazi yeyote, atalala usingizi mtamu.

Mwanzoni kijicho kilimtafuna kweli. Aliona jinsi Koku alivyopaka mwanga wa asubuhi uani na akatamani kutoka tena. Kibandiko kikaanza kuwa chekundu.

Kisha Shangazi Mla-Vyote akaingia kwa mgongo, kwa sababu sufuria lilikuwa pana kuliko mlango.

*

Jioni alipofika nyumbani, kibandiko bado kikiwa begani, alikuwa anatetemeka. Binti yake Bupe, wa darasa la kwanza, alimletea blanketi, akaleta na la kwake, akaleta na kitambaa cha meza. Viungo vilimuuma Tusekile kama aliyelima shamba zima peke yake. Hakuwa na ukungu. Ilikuwa homa ya mwili uliopewa somo na haukuambiwa kwamba somo limekwisha. Aliijua kwa sababu aliwahi kuichora.

Na katikati ya kutetemeka huko, alitabasamu. Hakuna homa iliyowahi kumpendeza mtu namna ile.

Asubuhi aliingia kikaoni macho bado mekundu, akaweka kibandiko mezani.

"Katuni hii inaumiza," alisema. "Niliivaa jana. Nimelala na homa. Watoto wasiionje Jumamosi."

Dakta Ambakisye alikitazama kibandiko, akamtazama yeye. "Nani alikuruhusu, dada Tuse?"

"Hakuna."

"Koku ameonja mbele yetu sote, kaamka mzima."

"Mimi sikuamka mzima."

Daktari alishusha pumzi. Hakuwa mtu mkali. Hilo ndilo lililoumiza. "Dada yangu, kibandiko hakijui hofu wala wivu. Kinajua moyo tu. Wewe umekaa pale roho inakuuma mwanzo hadi mwisho, moyo unakwenda mbio, dawa inadondoka. Hata ungetazama picha za ubatizo wa Koku ungeumwa."

Lwitiko alicheka kwa kupumua puani. Tusekile alihisi uso unamwaka, na safari hii haikuwa homa. Alikuwa amedhani wivu wake una adabu. Kumbe wote walikuwa wanauona, kama kamba ya gauni inayoning'inia nyuma na kila mtu anaona haya kumwambia mwenye gauni.

Koku peke yake hakucheka. "Nionyeshe, dada," alisema. "Kosa liko wapi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni kuna nini?"

Kulikuwa na ngoma. Mdudu anatupwa nje ya ua, ngoma zinapanda, mashangazi wanacheza, mabinti wanacheza, masufuria yanacheza, na picha inazimika wote wakiwa hewani. Tusekile hakutaja hayo. Kwa sababu kama wakimuuliza amejuaje kwamba ni mwisho ule, itabidi aeleze alikuwa anafanya nini pale kitini wakati ngoma zinapanda, na hilo hakuwa tayari kulieleza kwa mtu yeyote aliye hai.

Isitoshe, hata yeye hakuwa na hakika. Labda daktari alisema kweli. Labda ilikuwa wivu tu.

"Sijui," alisema, akakaa.

*

Ijumaa Bupe alikuwa ameshachagua gauni la kwenda kuonjea katuni.

"Kesho hutakwenda," Tusekile alimwambia, akiosha vyombo. "Una mafua."

"Mimi sina mafua, mama."

"Utayapata."

Bupe alivuta hewa puani kuhakikisha. Pua ilikuwa safi. "Na mapacha wa baba Lwitiko?"

"Wao wataenda."

"Kwa nini wao hawana mafua?"

Tusekile alisugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. Ungefikiri swali lile limetumwa na mtu. Mpango wake ulikuwa mwepesi sana mpaka lilipoulizwa. Bupe abaki nyumbani. Watoto wengine wavae vibandiko. Usiku wao wapate homa, wazazi wapige simu, na Jumatatu daktari aje mezani kwake na kidevu chake cha kukuna, aseme, dada Tuse, ulituambia. Ngome irudi ukutani. Homa yenyewe haiui, alijiambia. Yeye amepona. Lakini yeye ni mtu mzima mwenye mifupa ya mtu mzima, na wale mapacha wa Lwitiko walizaliwa kabla ya wakati wao, mpaka leo wakikohoa baba yao anaacha kazi anakimbia nyumbani. Hilo nalo alilijua. Alikuwa amekaa nalo tangu jana, akilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

"Mama," Bupe alisema, "mguu wako unafanya nini?"

Tusekile akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu. Ulikuwa unapiga ngoma ya mwisho ya katuni ya Koku, ileile, na ulikuwa ukiipiga, alitambua sasa, tangu Jumatano: kazini chini ya meza, kitandani chini ya mablanketi yote yale, mpaka sasa hivi mbele ya beseni.

Wivu haupigi mguu namna hiyo.

Aliliweka sufuria chini. Jambo lote likamjia kwa mfuatano, kama michoro ikibandikwa ukutani mmoja baada ya mwingine. Koku hakuumwa kwa sababu katuni ni yake. Aliijua kila hatua, moyo wake ungestuka na nini? Mpishi aliyeonja mchuzi tangu asubuhi hajui tena chumvi yake. Daktari, Lwitiko, wote walikuwa wameitazama michoro ile ukutani kila siku. Katika nyumba nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakujua inaishaje, na hakujua kwa sababu gere lilimtoa nje kabla ya nusu. Desturi yao nzuri ya kuonja, wanayojivunia mpaka Mbeya mjini, ilikuwa inamwonjesha mtu yuleyule asiyeweza kuonja.

"Vaa koti," alimwambia Bupe. "Twende kazini kwa mama."

"Na mafua?"

"Yamepona."

*

Aliwakuta wakijiandaa kufunga. Bupe alikaa korido na kalamu za rangi, na Tusekile akaingia, hakuketi.

"Nina wivu," alisema. "Mnajua, na sasa najua kwamba mnajua. Tangu Koku alete harusi yake hapa sijala nikashiba. Nilivaa kibandiko kumtafutia kosa. Hayo yote ni kweli, Dakta, hukunionea."

Lwitiko aliacha kukunja waya wake.

"Lakini wivu haukunipa homa. Wivu ulikaa nami mpaka shangazi anaingia na lile sufuria. Hapo uliniponyoka." Hakuwahi kujua kwamba kumsifu mtu kunaweza kuuma kuliko kumtukana. "Nilisahau ni yako, Koku. Nilisahau nimefuata nini. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ngoma zilipopanda nilikuwa nacheza juu ya kiti, mtu mzima na mlango umefungwa, na picha ilipozimika mimi sikuzimika. Nilikwenda nyumbani nacheza. Mguu huu unacheza mpaka leo. Moyo haukutulia, kifuko cha pili hakikufunguka, dawa ikaendelea kudondoka. Ni furaha iliyoniumiza, si kijicho. Katuni yako ni nzuri mno, na hakuna mtu ndani yake anayewaambia waende nyumbani."

Mvua ilikuwa inaingia stoo, wote waliisikia.

"Koku," daktari alisema polepole, "wakati wa kuonja, ulikuwa unawaza nini?"

Koku alifikiri. Kisha akaweka mkono mdomoni. "Rangi," alisema. "Nilikuwa natazama kama kijani cha migomba kimekaa sawa."

Dakta Ambakisye aliketi. Hakukuna kidevu. Lwitiko alitazama mlangoni, upande wa nyumbani kwake, ingawa nyumbani kwake hakukuonekana kutoka pale.

"Yule bibi wako," Koku alimwambia Tusekile. "Wa majivu."

"Ana nini?"

"Nilimtaka tangu mwanzo. Mwili lazima uambiwe basi, hilo kila mtu wa kazi hii analijua. Niliona pengo, nikaliacha." Kicheko chake hakikuwepo popote. "Ningemweka mtu kama yule, mngesema nimemwiba kwa dada Tuse. Na wewe ungesema wa kwanza."

Tusekile alitaka kukana. Lakini alikuwa ameshasema kweli nyingi siku ile na hakuona faida ya kuiharibu mwishoni.

"Ningesema," alikubali.

*

Maonyesho yaliahirishwa mpaka Jumamosi iliyofuata. Wiki nzima walichora meza moja, na isidhaniwe kwamba walipatana kama mtu na pacha wake; waligombana juu ya migomba, juu ya upana wa khanga ya bibi, juu ya nani amekaa na kifutio. Koku alikuwa mwepesi wa mkono na Tusekile alimchukia kwa hilo kila asubuhi upya. Bibi hakubadilika. Alitoka tu ngomeni akaingia harusini.

Siku yenyewe watoto waliketi kwenye mikeka, begani wamebandikwa, Bupe katikati ya mapacha wa Lwitiko. Daktari alikuwa ameibadili desturi: walioonja kwanza safari hii walikuwa majirani watu wazima waliokuja na miavuli yao, wasiojua lolote, nao waliamka wazima. Hata hivyo Lwitiko alisimama mlangoni muda wote, hakukaa.

Watoto walipiga mayowe mdudu alipoingia. Waliwaonyesha mashangazi alipo, kwa vidole. Sufuria lilipokwama mlangoni walianguka mmoja juu ya mwingine kwa kicheko, na mabega yote yakawa mekundu. Ngoma zikapanda. Tusekile alikaa nyuma kabisa, akiukanyaga mguu wake wa kulia kwa wa kushoto.

Kisha bibi akatoka ndani, na bakuli la majivu.

Hakusema kitu kikubwa. Alimwendea mpiga ngoma, akaweka kiganja juu ya ngozi. Alimpa kila shangazi viatu vyake. Alimfuta Mla-Vyote mdomo kwa ncha ya khanga, akamwambia, umefanya kazi, mama, kalale. Alifukia makaa, jiko moja baada ya jingine, na ua ukawa unaingia giza pole pole, mpaka akabaki binti mmoja tu amekaa kizingitini na kipande cha kitenge chekundu mapajani, wa kumkumbuka mgeni yule akirudi.

Pacha mmoja alipiga miayo. Miayo ikamwendea ndugu yake, ikapita mkeka mzima. Bupe aliinamisha kichwa begani kwa jirani yake. Na mle gizani, bega moja likageuka buluu, halafu jingine, halafu yote.

Lwitiko alikaa chini pale pale mlangoni.

"Dada Tuse," Dakta Ambakisye alinong'ona, "watoto wamelala."

"Niliambiwa watalala," alisema Tusekile.

Mbele, karibu na ukuta, Koku alisimama, na wenzake wote wakamgeukia. Walikuwa na nyuso zile, za kile kicheko alichokisikia kutoka korido. Mtu mmoja akainua mikono kumpigia makofi, na wa pili akainua, na Tusekile akaona kabisa jinsi chumba kizima kitakavyolipuka kwa ajili ya Koku na migomba yake ya kijani.

Akainua kidole mdomoni.

"Msipige makofi," alisema taratibu. "Mtawaamsha."

Mikono yote ikashuka. Ilikuwa kweli, watoto walihitaji kulala. Daktari yeyote angesema vilevile. Kwamba ni kwa ajili ya watoto peke yao, hilo hata yeye hakuwa na hakika nalo.